Kamioni Namba Nne kwa Mama Mukwe

Kalemie nzima, toka bandarini mpaka gare ya treni, hakuna muntu anayejua mashini kunishinda. Ninayo moja nyumbani, ya kushonea, na haijashona kitu tangu nilipoitia mafuta ya mawese ili ilainike. Basi mambo ya kisanduku cha kamioni nitayaeleza vile Inspekta Pascasie alivyoyaelewa, maana mashini zilimuchukia yeye pia, na yeye alizirudishia chuki hiyo yote.

Alhamisi ile, mwezi wa saba, mwaka wa tisini na tano, Prokirere, mushitaki wa serikali, alimwita saa mbili za asubuhi akamusukumia karatasi juu ya meza. Shofere Casimir Banza wa kamioni namba nne apande treni ya saa tisa, apelekwe gereza kubwa la Lubumbashi, kwa kuiba mifuko mia moja na ishirini ya simenti ya kujenga materinite, wodi ya wazazi, ya Kirungu. Muntu wa Kalemie akipelekwa kule na dosye ya kesi nyepesi, anarudi amekonda. Akiwa na dosye ya namna hii, linarudi jina tu. Kilichokosekana kilikuwa sinyatire ya mupelelezi. Prokirere alisema upelelezi umekwisha kufanywa na mashini, yenye akili kuliko brigadi nzima ya polisi, Pascasie aweke mukono wake tu aende zake. Pascasie alijibu kwamba kuishinda brigadi ile kwa akili hata meza inaweza, na kwamba atasaini akisha kusoma.

"Usome nini tena?" aliuliza Prokirere.

"Hiyo mashini. Nataka kuona mwandiko wake."

Kamioni zilikuwa sita, zimeletwa na shirika moja la ng'ambo kwa kubeba vitu vya hospitali. Kila moja ilikuwa na kisanduku cheusi, ukubwa wa Biblia, kimefungwa chini ya tablo ya shofere, na juu ya paa kitu kama uyoga. Uyoga ulisikiliza satelite huko mbinguni ili kujua gari iko wapi. Kisanduku kiliuliza motere habari zake: inawaka ao imezimwa, joto lake ni ngapi. Kila dakika tano kiliandika majibu tumboni mwake. Kamioni ikirudi Kalemie, waya unachomekwa, na ordinatere, kompyuta ya biro, inatapika karatasi.

Mwenye kuchomeka waya alikuwa Enjeniere Nicolas, aliyetumwa toka Kinshasa. Alikuwa na kravati ya kijani na vantilatere ya kumupepea yeye peke yake. Miezi mitatu alikuwa Kalemie, na barabara ya Kirungu aliijua kwa namba tu. Alimukaribisha Pascasie vile wanavyomukaribisha muntu aliyepotea njia, akamuwekea mbele karatasi moja safi, akaigonga kwa kalamu.

"Mama Inspekta, ni hapa. ARRÊT, ilisimama. Juma ya Posho, Jumamosi, toka saa tatu na dakika tano mpaka saa tatu na nusu, motere imezimwa. Ni mahali pasipo nyumba hata moja. Hapo njo kamioni nyingine ilikuwa inangoja, simenti ikahamishwa."

"Mashini iliiona hiyo kamioni nyingine?"

"Haiwezi kuona gari isiyo na kisanduku."

"Kwa hiyo haikuiona. Wewe njo uliiona, toka kwenye kiti hiki."

Enjeniere alicheka kidogo, kwa heshima ya umri. Pascasie alimuuliza watu wangapi walihamisha mifuko. Hilo hakulihesabu. Pascasie alikuwa amelihesabu akiwa njiani, maana alikuwa na dada yake anayeuza chai bandarini na anawajua wapakizi wote kwa majina na kwa ulevi wao. Mifuko mia moja na ishirini ni tani sita. Wapakizi sita wenye nguvu wanaimaliza kwa saa moja na nusu, tena wakiwa na kapita wa kuwasimamia na kuwatukana. Kule porini ilimalizika kwa dakika ishirini na tano, bila hata muntu wa kuwatukana.

Aliomba aone karatasi yote. Enjeniere alieleza pole pole, kama kwa kiziwi, kwamba karatasi yote ni ndefu, hakuna muntu anayeisoma, programu inaisoma yenyewe na kutoa kifupi. Ile ndefu iko ndani ya katoni, chini ya vantilatere, inaiinua.

"Basi tuiteremushe vantilatere," alisema Pascasie. "Wewe utatoka jasho kidogo, haitakuua."

Karatasi ilitandazwa toka mulango mpaka dirisha. Pascasie alivua viatu akapiga magoti juu yake na rula mukononi. Aliuliza maana ya kila musitari wa kusimama, akajibiwa: wa kwanza ni saa, wa pili ni mahali, wa tatu ni motere, wa ine ni joto. Namba ya mahali inakua gari ikielekea kusini. Kalemie ni tano na kitu, Kirungu ni saba na kitu kidogo. Hiyo aliielewa mara moja, akasema kama wangelimueleza hivyo shuleni angelikuwa amevaa kravati yeye.

Kisha akaweka rula penye saa tatu na dakika tano. Motere: imezimwa. Mahali: sita nukta hamsini na nane. Musitari wa chini yake: imezimwa, sita nukta sitini. Halafu sitini na tatu. Halafu sitini na tano, sitini na nane, sabini. Hapo motere ikawaka tena.

Alizifuata namba zile tena kwa rula, toka juu mpaka chini. Enjeniere alikunywa chai yake ya termosi.

"Papa Enjeniere. Gari iliyosimama inahama vipi?"

Alisema satelite zinakosea. Wenyewe Wamarekani wanazivuruga kwa makusudi, metre mia huku, metre mia kule, ni jambo linalojulikana.

"Anayekosea anayumba kama mulevi, mara kushoto, mara kulia. Hii yako imekosea mara tano mufululizo, zote kuelekea Kirungu. Ilipomaliza kukosea ilikuwa kilometre kumi na tatu mbele. Mulevi gani huyo anayenyooka hivyo?"

Enjeniere aliinama, akasoma, akavua miwani, akasoma tena bila miwani, kama vile namba zingeliona haya. Alisema programu inahesabu motere tu. Motere ikizimwa, gari imesimama. Walioitengeneza ni watu wenye elimu, na hakuna muntu duniani anayezima motere wakati gari inatembea.

"Duniani," alisema Pascasie. Alivaa viatu vyake, akakata kipande kile cha karatasi kwa meno bila kuomba ruhusa, akatoka.

Kasho ya wafungwa ilikuwa nyuma ya brigadi, mulango wa chuma, harufu yake inakupokea kabla ya polisi. Henriette, bibi wa ndoa wa Banza, alikuwa ameketi kwenye jiwe na sufuria ya bugali na ndagala iliyofunikwa kitambaa. Tangu asubuhi polisi walikuwa wanamwambia chakula kinapita saa sita. Saa sita ilikuwa imepita. Henriette alimuangalia Pascasie usoni, kisha akaangalia upande wa gare, ikatosha.

Banza alikuwa muntu munene wa sauti ndogo. Siku ya kwanza alikuwa amesema alisimama mahali pale kubadilisha gurudumu lililotoboka, na hilo njo lilimuzika, maana Enjeniere alisema kusimama, na yeye mwenyewe akasema kusimama.

"Papa Casimir, nilikwenda kuangalia gurudumu lako la akiba," alianza Pascasie. "Skrubu zimeshikana na kutu. Buibui amezaa pale watoto na wajukuu. Anakusalimia."

Banza aliinamisha kichwa. Akasema, kweli, halikuwa gurudumu, lilikuwa tumbo. Tumbo lilimukamata akaingia porini. Dakika ishirini na tano? Ndiyo, lilikuwa tumbo baya. Pascasie alimwambia amekwisha kusikia waongo wa kila daraja, na wale wa chini kabisa ni wale wanaodanganya ili wafungwe. Hata mbuzi, akipelekwa kuchinjwa, anavuta kamba upande mwingine.

Kisha akamuuliza jambo dogo, vile muntu anavyouliza ili kupitisha wakati: mahali pale mashofere wanapaita nani?

"Mama Mukwe."

"Juu ya nini?"

Pascasie hakungoja jibu. Alikuwa na wakwe watatu, waume wa mabinti zake, na wote watatu wakimukuta njiani wanafunga midomo, wanatazama chini, wanapita pembeni ya barabara kama wezi wa kuku. Hakuna mwanaume wa kwetu anayepiga kelele mbele ya mama mukwe wake.

"Ni mutelemuko murefu," alisema. "Sivyo? Na mbele ya mama mukwe munanyamazisha. Munazima motere, munaacha gari iteremuke yenyewe."

Banza alianza kulowa jasho toka shingoni. Alisema kwa ile sauti yake ndogo kwamba imekatazwa. Kuna barua imebandikwa kwenye ukuta wa biro: shofere atakayezima motere kwenye mutelemuko anafukuzwa siku hiyo hiyo, kwa sababu freni inaweza kufa. Lakini mazutu, haya mafuta ya motere, isipowaka inabaki ndani ya tanki, na iliyobaki inauzwa, inakuwa chumvi na sabuni ya nyumbani. Mashofere wote sita wanafanya vile.

"Na wewe unakwenda kuoza Lubumbashi kwa ajili ya bidoni ya mazutu," alisema Pascasie. "Ngombe ana akili kuliko wewe, Papa Casimir, tena anatoa maziwa."

"Si bidoni, Mama. Ni nyumba tano za wenzangu. Mimi nikisema, wanafukuzwa wote."

"Ulizima?"

"Nilizima. Ukiwa na simenti inakwenda vizuri, uzito njo unasukuma. Uchungu ni kule mbele, ukianza kuupanda mulima wa Marungu. Pale motere inalia kama mutoto."

Pascasie alikuwa tayari anaondoka. Aligeuka. Alimuomba arudilie neno lile la mwisho, naye akarudilia: ukipanda na mizigo, motere inalia, inachemuka, mushale wa joto unafika karibu na rangi nyekundu. Ukipanda mutupu, hausogei.

Saa saba na robo Pascasie alikuwa tena magotini kwenye biro ya Enjeniere, mara hii bila kuvua viatu. Alitaka joto. Lile la Posho, baada ya Mama Mukwe, kamioni namba nne ikipanda Marungu. Enjeniere alisoma, safari hii bila kugonga na kalamu: tisini na sita, tisini na nane, tisini na tisa. Alitaka pia safari nyingine ya kamioni ileile, iliyofika na mizigo yote. Ilipatikana ya mwezi wa sita: tisini na nane, tisini na tisa. Na moja iliyokwenda tupu kuchukua maharagi: themanini na mbili, themanini na tatu, mpaka juu kabisa.

"Kama simenti ilihamishwa pale ulipoiona," alisema Pascasie, "Posho ile motere ilikuwa inatoka jasho kwa kubeba nini? Upepo?"

Enjeniere alisema kitakwimu jambo hili linahitaji masomo zaidi. Pascasie alimwambia masomo yamekwisha, sasa ni mutihani. Aandike kwa mukono wake kwamba kamioni haikusimama, na kwamba ilipanda mulima na tani zake sita mpaka Kirungu. Enjeniere aliandika. Alipofika kwenye habari ya motere kuzimwa aliinua macho, akasema hii ya kuzima motere ili kubana mazutu itabidi aipeleke kwa wakubwa wake.

"Ya mazutu haimo ndani ya dosye yangu. Ikiingia ndani ya yako, nitawaandikia wakubwa wako namna karatasi ya ushahidi ilivyokuwa inainua vantilatere."

Ile kalamu ilimaliza bila neno la mazutu.

Pascasie aliangalia kipande kimoja zaidi, kile cha Kirungu, akakikunja, akakitia ndani ya kifuko chake. Ikawa saa nane kasoro.

Kama simenti ilipanda mulima, ilifika. Na huko juu ilikuwa na mupokezi mumoja tu: Emile, magazinye, mutunza stoo, wa depo ya hospitali ya Kirungu, miaka kumi na tisa kazini. Njo yeye aliyeapa kwamba kamioni ilifika tupu. Juma nzima alikuwa Kalemie kama shahidi, analala kwa shemeji yake, anakula samaki, na siku hiyo alikuwa amevaa koti kwa sababu aliambiwa atakwenda kuona Banza akipandishwa treni. Aliingia kwenye biro ya Pascasie, akakung'uta kiti kwa leso kabla ya kukaa. Kiti kile kilikuwa safi.

Pascasie alimutendea kwa adabu kubwa, jambo ambalo lingelimuogopesha muntu anayemujua. Alimuomba arudilie ushahidi, kwa ajili ya karani tu. Emile alirudilia bila kukosa neno, kama mutoto wa komunyo ya kwanza. Kamioni ilifika saa saba. Yeye aliinua bashi, turubai la kamioni, akaona chini patupu, akakasirika, akamufukuza shofere palepale.

"Hata motere hakuzima," alisema. "Aligeuza gari akaenda."

"Hata motere." Pascasie alifungua kile kipande cha karatasi. "Kisanduku kinasema motere ililala kwako toka saa saba na dakika tano mpaka saa tatu... hapana, nimesoma vibaya, macho ya uzee. Mpaka saa tisa na robo."

Emile alisema visanduku hivyo ni vya uongo, kila muntu anajua. Pascasie alimukumbusha kwamba juma lililopita aliweka sinyatire chini ya maneno ya kisanduku hichohicho. Basi kinasema kweli kwenye mutelemuko na kinadanganya Kirungu? Emile alifikiri, akasema pengine ni baridi ya kule juu. Karani alikohoa. Pascasie alikubali kwamba pengine ni baridi.

Kwa kweli alijua hapo hapatoshi. Prokirere angelisema shofere alikula, alilala, motere ikapumuzika, na Banza angelikuwa ndani ya behewa kabla hawajamaliza kubishana. Alihitaji neno litoke kwa Emile mwenyewe. Alifunga dosye, akavuta pumzi ya muntu aliyechoka.

"Papa Emile, niache nisaini twende kula. Kinachonichekesha ni kwamba mwizi mwenyewe hakupata kitu. Si ulisikia? Simenti ile ilikuwa imekufa. Ililowa ndani ya boti, ikashikana ndani ya mifuko. Mawe matupu."

Emile alikaa vizuri kwenye kiti.

"Aliyeinunua, sijui ni nani, nasikia ni mukubwa fulani mwenye nyota mabegani, atajenga, na ukuta utamuangukia. Hapo njo atamutafuta aliyemuuzia. Na mimi naona haya kwa ajili ya Kirungu. Watasema magazinye wao wa miaka kumi na tisa hatofautishi simenti na kokoto."

"Nani amesema imekufa?"

"Bandari nzima."

"Bandari ni wapumbavu. Simenti gani ililowa? Ilikuwa nzima kabisa, unga laini kama wa muhogo. Nilitoboa mufuko mimi mwenyewe, nikatia kidole..."

Karani aliacha kuandika. Pascasie hakumuangalia. Alikuwa anamuita polisi wa mulangoni, akamwambia Banza hapandi treni, apewe chakula cha bibi yake, na ale ameketi kwenye kiti. Polisi aliuliza kiti gani. Pascasie alisema kile atakachokiacha Papa Emile, hakitachukua muda. Kisha akarudisha macho mezani.

"Ulitia kidole ndani ya mufuko gani, Papa? Gari si ilifika tupu?"

Emile alitoa ile leso, akaikunja mara mbili, akaikunjua. Alisema alikuwa anaongea kwa ujumla. Kila magazinye anafanya vile, anatoboa mufuko mumoja, anaonja unga kwa kidole. Njo kazi yenyewe.

"Nakubali. Anafanya vile wakati gani?"

Emile aliangalia mulango, na polisi alikuwa hapo.

"Wakati wa kupokea," alisema.

"Wakati wa kupokea," alirudilia Pascasie pole pole, ili karani aifuate. "Endelea, Papa Emile. Karani wetu anaandika kwa shida, lakini anafika."